Kabla ya Pleti Kuingia Kwenye Chemba: Jinsi ya Kusaka Tafiti za TLC Zilizokwisha Chapishwa

Mtu akiandika herufi TLC peke yake katika kisanduku cha kutafutia cha PubMed, hifadhidata ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, anaweza kujikuta anasoma habari za mapafu. Kwa madaktari wa kifua, herufi hizo tatu ni kipimo cha hewa yote ambayo mapafu yanaweza kubeba. Kwa mkemia ni kromatografia ya tabaka nyembamba: pleti ya kioo au alumini iliyopakwa silika, tone la sampuli karibu na ukingo wa chini, kiyeyushi kinachopanda taratibu, na madoa yanayoachana njiani kwa kuwa kila kemikali ina mwendo wake.

Mbinu hii haidai mashine ya mamilioni. Inataka pleti, kijibomba chembamba cha kudondoshea sampuli, chemba ya kioo yenye mfuniko, viyeyushi vichache na taa ya UV. Ndiyo maana mfuko wa Kijerumani wa GPHF uliitumia kuunda Minilab, maabara inayobebeka katika masanduku, kwa ajili ya kunasa dawa bandia mahali pasipo na maabara kubwa. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoikumbatia mapema. Mamlaka iliyokuwa ikiitwa TFDA, ambayo tangu 2019 ni TMDA, ilizipeleka Minilab katika vituo vya ukaguzi, vikiwemo vya kuingilia nchini, na uzoefu huo ukachapishwa mwaka 2008 katika jarida la Health Policy na Peter Risha wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS) pamoja na wenzake.

Hata hivyo, katika maabara nyingi za vyuo na viwanda vidogo, kazi ya TLC bado huanzia pasipostahili. Mwanafunzi hupewa sampuli, huchukua chupa mbili za kiyeyushi zilizo karibu, kisha hubadilisha uwiano siku baada ya siku hadi pleti ziishe. Wakati huohuo, uwiano anaouhangaikia umeshajaribiwa, umepimwa na umechapishwa. Utafutaji wa makala ni sehemu ya kazi ya maabara, na unastahili umakini uleule unaopewa mzani.

Swali lenye mipaka

Tuseme mwanafunzi wa famasia anataka kukagua dawa mseto ya malaria, ile ambayo Watanzania huiita ALu, iliyoanza kutumika nchini kama dawa ya chaguo la kwanza mwishoni mwa 2006. Kidonge kimoja cha kawaida kina miligramu 20 za atemetha na miligramu 120 za lumefantrini. Akikimbilia kuandika “malaria drug TLC” atazama katika makala zisizo na mwisho. Kabla ya kugusa kompyuta, aandike daftarini majibu ya maswali manne. Anatafuta kemikali gani? Imo ndani ya nini: kidonge, damu au jani la mmea? Anataka kujua kama ipo tu, au ipo kiasi gani? Na maabara yake ina vifaa gani hasa?

Majibu hayo hubadilisha utafutaji wote. Lumefantrini hunyonya mwanga wa UV, kwa hiyo kwenye pleti yenye kiashiria cha F254 huonekana kama doa jeusi chini ya taa ya nanomita 254. Atemetha karibu hainyonyi mwanga huo. Ili ionekane, pleti lazima ipuliziwe au ichovywe katika kitendanishi, kisha ipashwe moto. Makala inayotegemea taa peke yake itamwonyesha mwanafunzi nusu ya dawa, na kidonge cha ulaghai kilichowekwa lumefantrini na kunyimwa atemetha kitapita mbele ya macho yake kikiwa safi. Anayejua hilo mapema hatafuti tena “njia ya TLC ya ALu”. Anatafuta njia inayoonyesha viambato vyote viwili kwenye pleti moja, au njia mbili zinazokamilishana.

Kitu kimoja, majina mengi

Hapa ndipo utafutaji mwingi hufia. Hifadhidata hutafuta herufi, na kemikali moja huweza kuandikwa kwa majina manne. Lumefantrini katika makala za zamani za Wachina na wenzao huitwa “benflumetol”. Atemisinini, mama wa atemetha, huitwa pia “qinghaosu”. Dawa ya maumivu ambayo Afrika Mashariki na Ulaya huijua kama paracetamol, Marekani huiandika “acetaminophen”. Salbutamol ya wagonjwa wa pumu huwa “albuterol”, rifampicin ya kifua kikuu huwa “rifampin”, na glibenclamide ya kisukari huwa “glyburide”. Mtafutaji anayetumia jina moja tu huyaacha matokeo ya bara zima.

Dawa ya tatizo hili ni ya bure. PubChem, hifadhidata ya kemikali iliyofunguliwa mwaka 2004, ina ukurasa wa kila kemikali wenye orodha ya majina yake yote pamoja na namba ya CAS, ambayo ni kitambulisho kisichobadilika lugha wala tahajia. Ya paracetamol ni 103-90-2, iwe makala imeandikwa Nairobi, Tokyo au São Paulo. Dakika kumi katika PubChem kabla ya kuanza utafutaji humpa mtu orodha ya maneno ambayo asingeyawazia.

Kwa mimea ya dawa, tatizo ni kubwa zaidi, kwa sababu wataalamu wa mimea hubadilisha majina kadiri uainishaji unavyosonga. Mti wa Prunus africana, unaoota katika misitu ya milima ya Afrika Mashariki na ambao gome lake huuzwa duniani kwa ajili ya matatizo ya tezi dume, uliitwa Pygeum africanum hadi jina jipya lilipochapishwa mwaka 1965. Wafanyabiashara wa dawa za mimea bado huuita “pygeum”, na makala nyingi za uchambuzi wa kemia zimo chini ya jina hilo. Vernonia amygdalina, mmea mchungu unaojulikana sana kwa waganga wa jadi, sasa huandikwa pia Gymnanthemum amygdalinum. Tovuti ya Plants of the World Online, inayoendeshwa na bustani ya Kew ya Uingereza, huonyesha jina linalokubalika leo na yote yaliyolitangulia. Jina la Kiswahili au la kabila lisitumike peke yake, maana jina moja huweza kubeba mimea miwili kutoka wilaya moja hadi nyingine.

Mbinu yenyewe nayo ina majina. Mbali na “thin layer chromatography”, ipo “HPTLC”, yaani aina iliyoboreshwa inayotumia pleti za chembe ndogo zaidi, na “planar chromatography”, jina linalojumuisha pia kromatografia ya karatasi. Waandishi wa Kijerumani husema “Dünnschichtchromatographie”. Wafaransa, na pamoja nao watafiti wa Kinshasa, Lubumbashi na Bujumbura wanaochapisha kwa Kifaransa, husema “chromatographie sur couche mince” au kwa kifupi CCM. Msomaji wa Dar es Salaam au Kisumu anayechunguza mmea unaoota pande zote mbili za Ziwa Tanganyika hana budi kuandika maneno hayo ya Kifaransa, la sivyo atarudia kazi ambayo jirani yake ameshaimaliza.

Historia ya mbinu hii inaonyesha gharama ya kutosoma lugha ya mwingine. Mwaka 1938, mjini Kharkov, Nikolai Izmailov na Maria Shraiber walipaka alumina kwenye vipande vya kioo na kutenganisha viambato vya dawa za mimea kwa matone. Makala yao ilitoka kwa Kirusi, na kwa miaka mingi ilisomwa na wachache nje ya Muungano wa Sovieti. Mwaka 1951, Kirchner na wenzake nchini Marekani walichapisha njia ya kutenganisha terpini za machungwa kwenye vioo vilivyopakwa silika. Mjerumani Egon Stahl ndiye aliyeisawazisha mbinu kati ya 1956 na 1958, akaipa vifaa vya kudumu, kisha mwaka 1962 akatoa kitabu kilichoieneza duniani. Kati ya pleti ya kwanza ya Kharkov na kitabu cha Stahl ni miaka 24.

Kuyapanga maneno

Majina yakishakusanywa, huunganishwa kwa OR yanapomaanisha kitu kimoja, na kwa AND yanapomaanisha vitu tofauti vinavyopaswa kukutana. Mwanafunzi wa ALu anaweza kuandika hivi: (artemether OR lumefantrine OR benflumetol) AND (“thin layer chromatography” OR HPTLC OR “planar chromatography”). Mabano huweka kila kundi mahali pake. Alama za kunukuu huilazimisha mashine itafute maneno yakiwa yamefuatana, badala ya kuokota “thin” ukurasa huu na “layer” ukurasa ule. Kifupi cha TLC kimeachwa nje kwa makusudi. Kirudishwe tu endapo matokeo ni machache mno, na kiambatane na jina la kemikali ili mapafu yasirudi.

PubMed ina rekodi zaidi ya milioni 35, na makala mengi humo hupewa vichwa rasmi vya mada viitwavyo MeSH. Kichwa cha mbinu hii huandikwa “Chromatography, Thin Layer”, kwa mpangilio huohuo wa maneno. Anayekitumia hupata hata makala ambazo waandishi wake hawakuitaja TLC kwenye jina la makala. Lakini makala mpya kabisa huenda hazijapewa kichwa bado, kwa hiyo njia nzuri ni kutumia vyote viwili, kichwa rasmi na maneno ya kawaida, vikiunganishwa kwa OR.

Google Scholar hufanya kazi kwa namna nyingine. Hupekua maandishi kamili ya makala, tasnifu na ripoti, kwa hiyo huokota mengi, yakiwemo makala yanayoitaja TLC mara moja tu katika sentensi ya kupita. Ni chombo kizuri cha kuanzia na kibaya cha kumalizia. Alama ya kutoa mbele ya neno huliondoa neno hilo katika matokeo, na agizo la “intitle:” hubakiza makala zenye neno hilo kwenye jina.

Kila utafutaji uandikwe: tarehe, hifadhidata, maneno yaliyotumika kama yalivyo, idadi ya matokeo, na makala zilizobakizwa. Jedwali dogo la kompyuta linatosha, na programu ya bure kama Zotero hutunza makala zenyewe. Msimamizi akiuliza baada ya miezi sita kwa nini njia fulani ilichaguliwa, jibu litakuwa limeandikwa.

Pa kuanzia na pa kuendelea

Wengi hukimbilia majarida wakati jibu limo katika famakopea, yaani kitabu rasmi cha viwango vya dawa. Famakopea ya Kimataifa ya Shirika la Afya Duniani husomwa bure mtandaoni, na ina ukurasa wa vidonge vya atemetha na lumefantrini pamoja na dawa nyingine muhimu. Njia iliyomo humo imepitiwa na wataalamu wa nchi mbalimbali, na mkaguzi yeyote ataitambua. Baada ya hapo ni mwongozo wa Minilab, wenye njia za TLC za viambato zaidi ya 100, ambapo sampuli hulinganishwa na dawa rejea ya asilimia 100 na ya asilimia 80 kwenye pleti moja. Kwa mimea, kitabu cha Wagner na Bladt, Plant Drug Analysis, ni atlasi yenye picha za rangi za pleti za mimea ya dawa, na chama cha kimataifa cha HPTLC Association kina njia na picha za aina hiyo kwenye tovuti yake.

Majarida hufuata. Journal of Planar Chromatography, lililoanza 1988, limejikita katika mbinu hii. Journal of AOAC International huchapisha njia zilizopimwa kwa ukali. Kampuni ya CAMAG ya Uswisi, inayotengeneza vifaa vya TLC, ina hifadhidata ya bure ya ikisiri za makala za mbinu hii pekee, ambayo huweza kutafutwa kwa jina la kemikali au aina ya sampuli. Mtafutaji akumbuke tu kwamba mwenye hifadhidata hiyo anauza vifaa, na hivyo njia nyingi humo hutumia mashine za bei kubwa.

Kisha kuna nyumbani. African Journals Online (AJOL), yenye makao Afrika Kusini na iliyoanza 1998, imekusanya majarida zaidi ya 500 ya bara hili, mengi yasiyoonekana katika hifadhidata za Ulaya na Marekani. Humo limo East and Central African Journal of Pharmaceutical Sciences la Nairobi. Makala kuhusu mimea ya Tabora, Kakamega au Mbarara yana uwezekano mkubwa wa kupatikana hapo kuliko katika jarida la Berlin. Hazina za tasnifu za vyuo vikuu kama MUHAS, Nairobi na Makerere nazo zipekuliwe, kwa sababu tasnifu ya uzamili huwa na kurasa nyingi za majaribio yaliyoshindwa, na jarida huyakata yote hayo.

Ukuta wa malipo usimkatishe mtu tamaa. Mpango wa Research4Life, ambao ulianza na Hinari ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2002 na AGORA ya FAO mwaka 2003, huzipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya kulipia bure au kwa ada ndogo. Usajili ni wa taasisi, kwa hiyo wa kwanza kuulizwa ni mkutubi wa chuo, na mara nyingi nenosiri analo tayari. Kiongezo cha kivinjari kiitwacho Unpaywall humwonyesha msomaji nakala halali ya bure kama ipo. Njia hizo zikishindikana, barua pepe fupi ya adabu kwa mwandishi mwenye jukumu la mawasiliano huzaa matunda mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, kwa maana mtafiti hufurahi kazi yake kusomwa.

Kufuata nyayo

Makala moja nzuri ina thamani kubwa kuliko orodha ndefu, kwa sababu ina njia mbili za kutokea. Njia ya kwanza inarudi nyuma, kwenye marejeo ya mwisho wa makala. Ya pili inakwenda mbele, kwa kubofya “Cited by” ya Google Scholar, inayoonyesha nani alikuja baadaye akaitumia kazi hiyo.

Mfano halisi upo hapahapa Dar es Salaam. Mwaka 2011, Eliangiringa Kaale, Peter Risha na Thomas Layloff walichapisha katika Journal of Chromatography A tathmini ya matumizi ya TLC kwa uchambuzi wa dawa katika nchi zenye rasilimali chache. Akirudi nyuma kutoka kwenye kundi hilo la waandishi, msomaji hufika kwenye makala ya 1995 ya Kenyon, Flinn na Layloff katika Journal of AOAC International, ambamo wanasayansi wa FDA ya Marekani walieleza ukaguzi wa haraka wa dawa muhimu kwa macho matupu. Hukutana pia na kazi ya 2010 ya Kaale, Risha, Reich na Layloff, iliyolinganisha vipimo vya HPTLC vya maabara kadhaa kwa lamivudini na zidovudini, metronidazoli, nevirapini na kwinini. Akisonga upande wa Marekani, atakutana na Joseph Sherma wa Lafayette College, ambaye pamoja na wanafunzi wake wamezigeuza njia za Minilab kuwa njia za HPTLC zenye kupima kiasi. Kutoka kwenye makala moja, mwanafunzi ana ramani ya miaka mingi.

Kusoma kabla ya kuiga

Makala ya TLC isomwe jinsi mpishi anavyokagua viungo kabla ya kuwasha jiko: kikikosekana kimoja, afadhali ajue mapema. Yafuatayo lazima yawemo. Aina ya pleti na mtengenezaji wake. Jinsi sampuli ilivyoandaliwa na kiasi kilichodondoshwa. Viyeyushi na uwiano wake kwa ujazo. Kama chemba ilijazwa mvuke wa viyeyushi kwanza, na kwa dakika ngapi. Umbali ambao kiyeyushi kilipanda. Namna madoa yalivyoonwa, kwa taa gani au kitendanishi gani na joto kiasi gani. Dawa rejea ilitoka wapi. Na picha ya pleti yenyewe.

Kila kimoja kina sababu. Pleti ya HPTLC ina chembe za mikromita 5 hadi 6 hivi, ilhali ya TLC ya kawaida ina za 10 hadi 12, kwa hiyo madoa ya pleti moja hayatakaa palepale kwenye nyingine. Thamani ya Rf ni umbali wa doa uliogawanywa kwa umbali wa kiyeyushi: doa likipanda sentimita 4 na kiyeyushi sentimita 8, Rf ni 0.5. Njia inayoliacha doa muhimu kwenye 0.05 au 0.95 ni ya kutiliwa shaka, maana chini kabisa na juu kabisa ndiko takataka zote hukusanyika. Na Rf pekee haitambulishi kemikali. Sampuli na dawa rejea lazima zipande pleti moja, ubavu kwa ubavu.

Unyevu wa hewa haupewi uzito unaostahili. Silika hunywa maji kutoka hewani, na ikinywa hubadilisha nguvu yake ya kushika kemikali. Kanuni za HPTLC za mimea katika famakopea ya Marekani huweka unyevu wa asilimia 33, unaopatikana kwa kuiacha pleti katika chemba yenye mmumunyo uliojaa wa magnesiamu kloraidi. Pia huelekeza chemba ijazwe mvuke kwa dakika 20 na kiyeyushi kipande hadi milimita 70 kutoka ukingo wa chini. Njia iliyobuniwa katika maabara kavu ya Ulaya ikipelekwa Tanga au Mombasa bila tahadhari hiyo, madoa yatahama, na mwanafunzi atadhani amekosea uwiano.

Umri wa makala usiwe sababu ya kuitupa. Kenya ilipokumbwa na janga la aflatoksini mwaka 2004, ambapo watu 317 waliugua na 125 wakafariki baada ya kula mahindi yenye sumukuvu, njia za TLC za kuigundua sumu hiyo zilikuwa zimekwishachapishwa tangu miaka ya 1960. Aflatoksini za kundi B hung’aa bluu na za kundi G hung’aa kijani chini ya taa ya UV ya mawimbi marefu, na mchanganyiko wa klorofomu na asetoni kwa uwiano wa 9 kwa 1 umetumika kwa miongo mingi kuzitenganisha. Kinachozeeka ni usalama. Makala za zamani hutumia benzeni bila wasiwasi, ilhali inajulikana kusababisha saratani. Anayekutana nayo atafute njia mpya iliyotumia tolueni badala yake, na aijaribu upya, kwani kubadilisha kiyeyushi ni kubadilisha njia.

Kama lengo ni kupima kiasi, makala ionyeshe ushahidi wa uthibitishaji unaofuata mwongozo wa ICH Q2: usahihi, urudiaji, mstari wa viwango, na kiasi kidogo kabisa kinachoweza kugunduliwa. Njia ya kutazama kwa jicho haina wajibu huo wote, lakini nayo isidai kupima asilimia.

Makala za kuaminiwa na za kuepukwa

Yapo majarida yanayochapisha chochote mradi mwandishi amelipa. Jarida la wazi linaweza kukaguliwa katika orodha ya DOAJ, na makala iliyofutwa huonekana katika hifadhidata ya Retraction Watch, ambayo tangu 2023 hutolewa bure kupitia Crossref. Dalili nyingine zimo ndani ya makala yenyewe: pleti isiyo na dawa rejea, picha iliyokatwa kingo, uwiano wa viyeyushi usiojumlishika, au Rf zilezile za kemikali tofauti.

Programu za akili bandia zinazojibu maswali zimeongeza hatari mpya. Zinaweza kumsaidia mtu kupata visawe vya majina au kumfafanulia ikisiri ya Kijerumani. Zikiombwa marejeo, huweza kutunga makala isiyokuwepo, yenye waandishi, jarida na mwaka vinavyosadikika kabisa. Kila rejeo likaguliwe kwa namba yake ya DOI kabla ya kuingia kwenye tasnifu. Lisilofunguka na lisilopatikana popote lifutwe.

Baada ya yote hayo hubaki pleti. Makala mbili au tatu zilizochaguliwa vizuri zijaribiwe kwa dawa rejea kwanza, kisha kwa sampuli, huku joto na unyevu wa siku hiyo vikiandikwa pembeni. Na matokeo yakipatikana, yawe mazuri au mabaya, yachapishwe: katika jarida lililomo AJOL, au angalau katika hazina ya tasnifu ya chuo, yakiwa na majina yote ya kemikali na ya mmea, aina ya pleti, unyevu wa chumba na picha isiyokatwa. Wasimamizi wa tasnifu wanaweza kulifanya hilo kuwa sharti tangu mwaka huu wa masomo bila kuongeza hata shilingi moja katika bajeti, na walifanye.